UZI MAALUMU: The Wheel of Time, vitabu 14. Tunaosoma, tulioishia njiani na mnaoogopa kuanza, karibuni

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila nyuzi za vitabu zinapopamba moto, hakosi mtu wa kuuliza: "Nimechoka kumsubiri mwandishi fulani amalize hadithi yake, nisome nini?" Jibu langu huwa ni hilohilo, na watu wakilisikia wanaingia mitini: The Wheel of Time ya Robert Jordan.

Wanakimbia unene. Vitabu ni 14, ukiongeza na kile kifupi kinachosimulia ya kabla vinakuwa 15, na maneno yake yanapita milioni 4. Cha kwanza, The Eye of the World, kilitoka Januari 1990. Cha mwisho, A Memory of Light, kikatoka Januari 2013. Kuna watu walianza wakiwa sekondari, wakamaliza wakiwa na watoto sekondari. Ila ninyi mnaoanza leo mna bahati ambayo wao hawakuwa nayo: hadithi imeisha, mwisho upo, unaununua tu.

Mimi niliingilia mlango wa uani. Kwenye meza moja ya vitabu vya mtumba pale Posta nilikuta cha tatu, The Dragon Reborn, jalada nusu halipo. Sasa kitabu hicho kina kituko chake: kijana ambaye hadithi yote inamhusu, Rand al'Thor, karibu haonekani. Wengine wote wanamfuata, wanamwota, wanamwogopa, yeye mwenyewe unamwona kwa kuchungulia. Nikajiuliza ni mtu gani huyu anayetetemesha dunia bila kuonekana, nikarudi cha kwanza.

Na cha kwanza kinaanza taratibu sana. Ukishapita dibaji, unamkuta Rand na baba yake Tam wanashuka kijijini na mkokoteni wa mapipa ya pombe ya tufaha, farasi wao Bela anavuta. Baridi haitaki kuondoka japo msimu wake umepita. Upepo ni wa kung'oa watu miguu. Rand anageuka nyuma, anamwona mpanda farasi mwenye joho jeusi, na kuna kitu kinamkera asikijue upesi, mpaka akili inamjia: upepo wote ule, joho la yule mtu halitikisiki. Anajikwaa, anatazama tena, barabara ni tupu. Baba hakuona kitu.

Basi. Hakuna damu, hakuna upanga, na mimi nilikuwa nimeshanasa.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja na nitaitetea hadi mwisho: utamu wa vitabu hivi hauko kwenye vita wala kwenye uchawi. Uko kwenye HABARI. Nani anajua nini, nani kafichwa, nani kasikia uvumi ambao umegeuka mara tano kabla haujamfikia. Ukisoma kwa jicho hilo, hata vile vitabu vya katikati vinavyotukanwa sana vinalika.

Karibuni. Tusiharibiane uhondo bila kutahadharishana.

#2

Mkuu, tupe japo kwa ufupi inahusu nini. Halafu mimi hizi fantasia naona ni mambo ya wazungu, mijoka na majumba ya mawe.

#3 Mleta mada

Kwanza hilo la "mambo ya wazungu". Wewe hukusoma Adili na Nduguze? Ndugu wawili wamegeuzwa manyani, mji mzima umegeuka mawe, majini yanaingia na kutoka, na aliyeandika ni Shaaban Robert. Fumo Liyongo naye hafi kwa silaha yoyote isipokuwa kuchomwa shaba kitovuni, na siri hiyo anaitoa kwa mwanawe mwenyewe. Tumelelewa na haya mambo, tukasahau tu jina la rafu yake dukani. Na kwa taarifa yako, humu hata joka la kutema moto hakuna. "Joka" ni cheo cha mtu.

Inahusu nini. Wakati ni gurudumu lenye Zama saba, na Zama hupita kisha zikarudi, na watu wengine huzaliwa tena kila gurudumu linapowahitaji. Linalolizungusha ni nguvu yenye pande mbili, ya kiume na ya kike. Mwishoni mwa vita vya kale, Mwovu aliutia sumu upande wa kiume. Tangu hapo mwanamume anayeigusa nguvu ile anarukwa na akili, na wale wa kwanza waliorukwa nazo ndio waliobomoa dunia, wakahamisha milima na bahari. Miaka zaidi ya elfu tatu imepita. Nguvu sasa imebaki kwa wanawake wanaoitwa Aes Sedai, na mwanamume akionekana anayo, wanamsaka na kumtenganisha nayo.

Sasa utabiri unasema atakayeiokoa dunia siku ya mwisho ni mwanamume mwenye nguvu hiyohiyo yenye sumu, na akiokoa, ataibomoa tena. Yaani ni mkombozi ambaye kila mtu anaomba asizaliwe katika siku zake.

Aes Sedai mmoja, Moiraine, anafika kijiji cha Emond's Field kumtafuta. Anawakuta vijana watatu waliozaliwa karibu wakati mmoja: Rand, Mat na Perrin. Hajui ni yupi. Usiku uleule kijiji kinavamiwa na majitu nusu watu nusu wanyama, na inajulikana kwamba anayewatafuta si yeye peke yake. Wanatoroka. Binti mmoja, Egwene, anajiunga nao. Mganga wa kijiji, Nynaeve, anawafuata nyuma akiwa na hasira zake zote.

Hapo hoja yangu ya habari inaanza. Aes Sedai wamekula viapo vitatu, kimojawapo ni kutosema neno lisilo la kweli, na kiapo hicho kinawafunga mwilini, hawawezi kukivunja. Ungedhani basi ndio watu wa kuaminiwa kuliko wote. Dunia nzima inawaogopa kwa ndimi zao! Hawasemi uongo, wanapanga ukweli. Ukimwuliza kama rafiki yako yu mzima, atakujibu kwamba alipomwona mara ya mwisho alikuwa juu ya farasi. Mfano ni wangu, staili ni yao. Aliyekulia nyumba yenye shangazi wa mafumbo ataanza kusoma akiwa na maksi za bure. Tangu sura za mwanzo unajifunza kuwasikiliza kwa makini: kasema nini, kaacha nini, kajibu swali lipi badala ya lile aliloulizwa.

#4

Niko Nairobi. Kwa vitabu vya inama, vile vya mtumba vinavyotandazwa chini, nimeona cha nne, The Shadow Rising, bei poa sana. Nianzie hapo kama wewe ulivyoanzia cha tatu? Pia nilitazama ile tamthilia ya Amazon, kwa hiyo story naijua kiasi.

#5 Mleta mada

Kinunue leo, kiweke. Usikifungue.

Nakwambia hivyo kwa sababu kwangu mimi The Shadow Rising ndicho bora kuliko vyote 14, na kina sura mbili ambazo nikipata mtu aliyezisahau namwonea wivu. Natahadharisha: aya inayofuata inagusa cha nne, japo siri yenyewe siitoi.

Kuna watu wa jangwani, Aiel. Wapiganaji hodari, hufunika uso kabla ya kuua, upanga hawaugusi hata iweje, na sababu ya kutougusa wengi wao hawaijui. Anayetaka kuwa kiongozi anaingia mji wa Rhuidean na kupita katikati ya msitu wa nguzo za vioo. Rand anaingia. Kila hatua anayopiga anajikuta ndani ya macho ya babu yake, hatua nyingine babu wa babu, anarudi nyuma kizazi kwa kizazi. Wewe msomaji unaisoma historia kinyumenyume. Unaliona tokeo kwanza, kisha chanzo chake, kisha chanzo cha chanzo. Desturi uliyoiona vitabu vitatu nyuma ukadhani ni pambo tu, unafika mahali unaona siku ilipozaliwa, ni mtu gani aliyeianzisha, alikuwa analia kwa nini. Na mbele yake kuna mwanamume mwingine anazipita nguzo hizohizo wakati huohuo, anaona yaleyale, na hawezi kuyastahimili.

Hiyo ndiyo habari ninayoisema. Taifa zima limeishi maelfu ya miaka juu ya siri ambayo viongozi wake tu wanaijua, na wakishaijua wananyamaza.

Ukianzia hapo, sura hizo zitakuwa nzuri tu. Ukifika ukiwa umevibeba vitatu vya mwanzo, zitakukalisha chini.

Kuhusu Amazon: ilianza Novemba 2021, ikaenda misimu mitatu, ikakatwa 2025. Rosamund Pike kama Moiraine sina neno. Lakini story hujaijua, ndugu yangu. Kwenye kipande cha kwanza kabisa walimpa Perrin mke na wakamfanya amuue kwa bahati mbaya. Kitabuni hana mke wakati huo, ni kijana mwoga wa nguvu za mwili wake mwenyewe, anayefikiri polepole asije akamuumiza mtu. Walitaka kuionesha hofu hiyo kwa dakika chache. Sawa, televisheni ina haraka zake. Msimu wa tatu waliifikia Rhuidean na waliitendea haki, nawapa hongera, kisha ndio wakafungiwa duka.

#6

Mleta mada unapamba sana. Mimi nilibwaga manyanga kitabu cha kumi. Kurasa mia saba hakuna kilichotokea! Watu wanakunywa chai, wanaelezwa nguo zao hadi vifungo. Na wanawake wake wote ni mmoja: anavuta nywele, anakunja mikono, anasema wanaume hawana akili. Mwandishi alikuwa anavuta muda apate hela.

#7 Mleta mada

Mkuu, umeleta hoja nzito, nikujibu kwa haki.

Hicho cha kumi, Crossroads of Twilight, cha 2003, ndicho kinachotukanwa kuliko vyote. Ili mtu aelewe matusi yanatoka wapi, ajue kilichotangulia. Cha tisa, cha mwaka 2000, kinaisha kwa tukio kubwa mno, pengine kubwa kuliko yote kabla ya vita vya mwisho. Watu wakasubiri zaidi ya miaka miwili wajue nini kilifuata. Wakafungua cha kumi: mwandishi amerudi nyuma, anakuonesha kila mhusika alikuwa wapi na anafanya nini saa tukio lile linatokea mbali kule. Ningekuwa nimesubiri muda huo, na mimi ningekitupa ukutani.

Lakini tazama anachokifanya mle. Kila mwenye uwezo wa ile nguvu, popote alipo, anahisi kitu cha kutisha kinawaka upande fulani wa dunia. Hakuna anayejua ni nini. Mmoja anadhani adui kapata silaha mpya, mwingine anaona ni ishara, na kila mmoja anachukua hatua kwa dhana yake. Wewe peke yako ndiye unayejua. Mimi nilikisoma wakati cha kumi na moja tayari kiko mezani kinasubiri, na kwa hali hiyo cha kumi kilikuwa kama kusikiliza kijiwe kizima kikijadili jambo ambalo wewe ulilishuhudia kwa macho.

Mfano mwingine, na hapa nafumba majina. Kuna malkia ambaye nchi nzima inaamini ameuawa, na anayesingiziwa kumuua anachukiwa kwa hilo, majeshi yanajipanga kwa hilo. Kumbe malkia yu hai, kajibadili jina, ni mjakazi anayemvisha nguo mke wa mtu tunayemjua vizuri, na waajiri wake hawana habari. Unasoma unatamani uingie kitabuni uwaambie. Watu hulalamika, "Hawa wangekaa kikao kimoja tu wakaambiana ukweli, vitabu vingepungua vitano." Kweli kabisa. Na ndiyo hadithi yenyewe: hawaaminiani, wako mbali, hakuna simu, na Mwovu analijua hilo kuliko wao.

Nilipo upande wako: safari ya Perrin kumtafuta mkewe aliyetekwa. Anatekwa mwishoni mwa cha nane, anaokolewa cha kumi na moja. Ile ilikuwa kazi ya kitabu kimoja, tena kikonde. Na tabia za kukunja mikono na kuvuta msuko, nakubali, Jordan alikuwa na ishara chache akazitumia hadi zikachakaa. Wanawake kuwa wamoja nakataa. Mtoe Nynaeve wa kitabu cha kwanza, mgomvi anayewaogopa Aes Sedai kiasi cha kuwachukia, umweke pembeni ya Nynaeve wa cha kumi na nne. Hasira ni zilezile, mtu ni mwingine.

#8

Naunga mkono hapo kwa wanawake, na niongeze kitu maana mmemsahau Egwene.

Kitabu cha pili kuna wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, Seanchan. Kwao mwanamke mwenye ile nguvu anavishwa kola yenye mnyororo, na mwanamke mwingine anashika upande wa pili. Egwene anashikwa. Kilichoniumiza si kipigo. Ni yule mshika mnyororo kuongea naye kwa upole, kumsifia akifanya vizuri, kumpa jina jipya, Tuli, kama mtu anavyompa jina mnyama wa kufuga. Na anaamini kabisa kwamba anampenda. Nililazimika kukifunga kitabu nikatembea nje kidogo.

Halafu miaka yote inayofuata, Egwene hilo halimtoki. Mwandishi hakumponya kwa sura mbili. Kila Seanchan wanapotajwa, hata pale ambapo akili ingemtaka afanye nao mapatano, unaisikia ile kola shingoni mwake. Nani mwingine anaandika hivyo kwa kurasa elfu kumi?

#9 Mleta mada

Dada, umesema vizuri kuliko mimi. Na kuna siri juu ya wale washika minyororo ambayo inakuja kugeuza kila kitu. Naishia hapo.

#10

Swali. Nasikia mwandishi alifariki kabla hajamaliza. Sasa hivyo vya mwisho kaandika nani? Naogopa kufika huko nikute vimechakachuliwa.

#11 Mleta mada

Jina lake halisi ni James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, 1948. Alipigana Vietnam akiwa mpiga bunduki kwenye helikopta, akarudi akasoma fizikia chuo cha kijeshi cha The Citadel, akafanya kazi ya uhandisi wa nyuklia kwenye jeshi la majini la Marekani. Mtu akishajua hilo anamsoma Rand kwa namna nyingine. Rand ana orodha kichwani, majina ya wanawake waliokufa kwa ajili yake au mikononi mwake, anayarudia kila siku na orodha inarefuka. Sitasema ni Vietnam ile. Nasema tu kwamba anayeandika vita humu hakuwa anakisia.

2006 akawatangazia wasomaji kuwa ana ugonjwa wa moyo, amiloidosisi. Kilikuwa kimebaki kitabu kimoja, na alikuwa ameapa kitakuwa kimoja hata kikitoka kizito cha kubebwa kwa toroli. Alipoona nguvu zinamwishia aliwasimulia ndugu zake kisa kilichobaki, wakamrekodi. Akafariki Septemba 16, 2007.

Mjane wake, Harriet McDougal, ndiye pia aliyekuwa mhariri wake tangu mwanzo. Aliisoma tanzia iliyoandikwa mtandaoni na kijana mmoja mwandishi, Brandon Sanderson, aliyekuwa akivisoma vitabu hivi tangu ujana. Akasoma na riwaya yake moja, akampa kazi. Kitabu kimoja kikazaa vitatu: 2009, 2010 na 2013. Sehemu za mwisho kabisa Jordan alikuwa ameshaziandika kwa mkono wake, kwa hiyo unapofunga ukurasa wa mwisho, unafunga na mwenyewe.

Utaona mshono? Utauona. Sanderson ana mwendo wa kasi, na sentensi zake ni nyepesi. Mat ndiye aliyeumia zaidi. Kwenye The Gathering Storm, cha kumi na mbili, anachekesha kwa kujua kwamba anachekesha, na Mat wa Jordan alichekesha kwa sababu yeye alijiona mtu makini kuliko wote. Sanderson mwenyewe amewahi kukiri hakumpatia. Lakini kitabu hichohicho kina Egwene katika ubora wake wote, na Rand anafikishwa mahali ambapo niliogopa kugeuza ukurasa. Cha mwisho kina sura moja ya vita inayozidi kurasa 150. Usiianze usiku kama kesho una kazi.

#12

Mimi sina muda wa kushika kitabu, foleni za Mbagala zinanimaliza. Za kusikiliza zipo?

#13 Mleta mada

Zipo zote, wamesoma Michael Kramer na Kate Reading, yeye sura za wanaume na mama sura za wanawake. Cha kwanza peke yake ni karibu saa 30, foleni itakuwa rafiki yako. Pike naye amerekodi upya vile vya mwanzo, na anaigiza kila sauti. Tatizo la kusikiliza ni majina: utamjua mtu miaka miwili usijue anaandikwaje.

Na hapo nitoe onyo kubwa kuliko yote: USITAFUTE JINA LA MHUSIKA MTANDAONI. Ukiandika herufi tatu tu, mashine inakumalizia na neno "kifo". Nyuma ya kila kitabu kuna faharasa ya watu na maneno, tumia hiyo. Kile kifupi, New Spring, kinasimulia Moiraine na mlinzi wake Lan walivyokutana, lakini kisikutangulie. Kilitoka 2004 baada ya cha kumi, na hapo ndipo kinapopendeza.

#14

Nimeanza juzi baada ya kuona uzi. Niko kwenye ule mji uliokufa, Shadar Logoth. Wameambiwa watulie, vijana wamechepuka, Mat karudi ana kitu kaficha kwenye nguo hasemi. Mleta mada, kaokota nini huyu jamaa?

#15 Mleta mada

Hapa kuku ni wengi, mkuu, mchele simwagi. Soma.